Mwanya wa ukubwani: Usiuzibe kabla ya kuuliza umetoka wapi

Picha ilipigwa Tanga, kwenye harusi ya mpwa wangu, ukoo mzima tumejipanga mbele ya turubai. Ilipotua kwenye kundi letu la WhatsApp, wa kwanza kuisemea alikuwa shangazi. Hakugusia gauni la bibi harusi wala mapambo. Aliandika: "Mwanangu, mwanya wangu umekufikia." Nyuma yake zikamiminika alama za makofi na mioyo.

Nilifurahi, tena sana. Kwetu Pwani mwanya una heshima yake. Msichana ambaye meno yake mawili ya mbele ya juu yameachana kidogo huhesabiwa kuwa amejaliwa, sawa na mwenye vishimo vya mashavu au pingili za shingo. Shangazi amesifiwa kwa mwanya wake tangu usichana. Leo amevuka miaka 70 na mwanya ni uleule, haujaongezeka hata kwa upana wa unywele. Mimi nilikuwa na miaka 44 na sikuwahi kuwa nao. Katika picha za harusi yangu mwenyewe meno hayo mawili yamesimama bega kwa bega, hapapenyi hata karatasi.

Wazo la kulinganisha picha halikuwa langu. Miezi minne baada ya harusi ile nilikwenda kwa daktari wa kinywa na meno, kwa sababu nyama ilikuwa inanasa mahali ambapo zamani haikunasa. Akanitazama kinywani, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mama, mwanya huu ni wa tangu utotoni?" Nikamjibu kwamba umekuja wenyewe. Akaniomba nifungue simu nimtafutie picha za miaka ya nyuma nilizocheka. Tukazipitia moja moja. 2017 hakuna kitu. 2020 kuna uzi wa kivuli. 2022 kivuli kimekuwa mlango, na jino la kushoto limeanza kuonekana refu kuliko mwenzake. Mwanya ulikuwa unatembea miaka yote hiyo, na siku tulipouona tuliupigia makofi.

Mwanya wa tangu utotoni, kama wa shangazi, ni sura ya mtu tu. Unaoanza ukubwani ni taarifa inayotoka chini ya fizi. Tukiuona huwa tunafanya moja kati ya mawili: tunausherehekea, au tunatafuta wa kutuzibia haraka. Yote mawili yanaruka swali la kwanza, nalo ni kwa nini jino lililotulia miaka 30 limeanza kuhama.

Jino halikumiminiwa zege

Wengi tunadhani jino limesimama kwenye taya kama nguzo iliyomiminiwa zege. Lingekuwa hivyo, lisingehama kamwe. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna nafasi ya karibu milimita 0.2, na nafasi hiyo imejaa nyuzi laini zilizoshika mzizi upande huu na mfupa upande ule. Fikiria kitanda cha kamba. Anayelala amebebwa na kamba, na kamba zimefungwa kwenye mifumbati. Jino nalo limebebwa hivyo. Nyuzi hizo zina mishipa ya fahamu, ndiyo maana chembe moja ya mchanga ndani ya wali unaitambua papo hapo.

Mfupa wenyewe uko hai. Una seli za kuula na seli za kuujenga, na kazi hizo mbili huendelea maisha yote. Jino likisukumwa taratibu kuelekea upande mmoja, mfupa ulio mbele yake huliwa na ulio nyuma yake hujengwa, nalo likahama na nyumba yake. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha daktari kupanga meno kwa vyuma, na ndiyo hiyo hiyo inayoyapangua.

Kinachosukuma si lazima kiwe na nguvu. Kutafuna muwa au kuvunja mfupa wa kuku kunalitwisha jino mzigo mzito, lakini ni wa kitambo kidogo, na jino hurudi mahali pake. Wataalamu wa kupanga meno hufundisha kwamba msukumo huanza kulihamisha jino ukidumu karibu saa 6 kwa siku, hata ukiwa mdogo sana. Kwa hiyo vinavyoamua meno yakae wapi ni vile visivyochoka: ulimi kwa ndani, midomo na mashavu kwa nje. Kinywa kizima kina mizani kati ya hivyo, na nyuzi pamoja na mfupa ndivyo vinavyoilinda mizani hiyo.

Hata kinywa chenye afya hubadilika. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote, na hata kwa aliyefungwa vyuma ujanani. Watu wengi hulitupia lawama gego la mwisho, lile liitwalo jino la akili, kwamba linayasukuma yaliyo mbele. Tafiti hazijaunga mkono dai hilo, na kuling'oa kwa sababu hiyo pekee hakuzuii kubanana. Kubanana kwa polepole ni sehemu ya kuzeeka. Meno yanayoachana, yanayochomoza nje, yanayorefuka au yanayotikisika, hayo yana jambo jingine.

Mchwa kwenye mfumbati

Jambo hilo, mara nyingi, ni ugonjwa wa fizi. Huanza na ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya jino kila siku. Usipoondolewa, madini ya kwenye mate huugeuza kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauuwezi tena. Fizi za jirani huvimba na kutoa damu. Kwa baadhi ya watu mambo huishia hapo kwa miaka mingi. Kwa wengine uvimbe hushuka chini: fizi inaachana na jino, kando ya mzizi kunafunguka mfuko, na mwili wenyewe, katika kupigana na bakteria waliojificha humo, unauyeyusha mfupa unaolishika jino. Kamba zinakatika, mfumbati unaliwa na mchwa. Msukumo wa ulimi ambao miaka yote haukuwa na madhara, sasa unatosha kulisogeza jino.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Jino lililotoboka hukuamsha usiku wa manane ukatafuta dawa kwa jirani. Mfupa wa taya unaweza kupungua hadi nusu ya mzizi huku mtu anakula na kulala vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata karibu asilimia 19 ya watu wenye umri wa kuanzia miaka 15, yaani zaidi ya watu bilioni 1. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa asilimia 98 ya watu wazima. Damu imekuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba tunaulaumu mswaki. Mimi nilibadilisha miswaki mitatu nikisema yote ni migumu.

Si kila mwenye ugonjwa huo huhamwa na meno, lakini si wachache. Tafiti mbalimbali za wagonjwa wa fizi zimekuta meno yaliyohama kwa kati ya asilimia 30 na 56 yao. Meno ya mbele ya juu ndiyo yanayoumia zaidi. Kila moja lina mzizi mmoja tu, meno ya chini huligonga kwa nyuma kila tunapofunga mdomo, na mbele yake hakuna cha kulizuia ila mdomo wa juu. Likishachomoza kidogo, mdomo wa chini huteleza ukakaa nyuma yake na kuanza kulisukuma nje usiku na mchana. Nyama iliyovimba ndani ya mfuko nayo inasukuma kwa upande wake.

Vitu viwili huuongezea kasi ugonjwa huu. Cha kwanza ni kisukari: hatari ya kuharibika fizi kwa mwenye kisukari hufika karibu mara 3 ya mtu mwingine, na fizi zenye ugonjwa nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Cha pili ni tumbaku. Sigara huzidhoofisha kinga za fizi, na papo hapo hubana mishipa midogo ya damu. Fizi za mvutaji hutoa damu kidogo, kwa hiyo ile dalili ya mapema ambayo ingemshtua haionekani. Wapo waliogundua ugonjwa baada ya kuacha sigara, fizi zilipoanza kutoka damu, wakadhani kuacha ndiko kumewaletea.

Gego lililosahauliwa

Kwangu mimi kulikuwa na shahidi wa pili. Nikiwa na miaka 28 niling'olewa gego la chini kulia, na mwaka uliofuata la kushoto. Nilishukuru kwamba ni ya nyuma, hakuna atakayeona. Hakuna aliyeniambia kwamba pengo la nyuma halikai tupu. Gego la jirani huinamia pengoni, na la juu, likikosa mwenzake wa kugongana naye, hushuka taratibu kana kwamba linamtafuta. Mzigo wa kutafuna uliokuwa wa magego unahamia kwenye meno ya mbele, ambayo yaliumbwa kukata, hayakuumbwa kusaga. Yakigongwa kwa nyuma mwaka hadi mwaka, yanafunguka kama vidole vya kiganja.

Katika nchi zetu kung'oa ndiyo tiba ambayo watu wengi huipata, kwa kuwa ni ya haraka na nafuu, na kwa kuwa wengi tunafika jino likiwa halina matumaini. Simlaumu anayeng'oa jino lililokwisha. Ninachoomba ni kwamba siku ya kung'oa iwe pia siku ya kuuliza: pengo hili litajazwa na nini, na lini?

Zipo sababu nyingine, na daktari makini huzipitia kabla ya kutoa hukumu. Kuna mazoea ya kusukuma ulimi mbele wakati wa kumeza au kuuegemeza kwenye meno mtu akiwa ametulia. Kuna kusaga meno usingizini. Kuna dawa zinazovimbisha fizi hadi zikasukuma meno: phenytoin ya kifafa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipine na amlodipine. Anayezitumia asiziache kwa uamuzi wake. Amweleze daktari aliyemwandikia. Kuna ugonjwa wa nadra wa homoni ya ukuaji unaomfanya mtu mzima aongezeke taya, mikono na miguu. Huyo huona meno ya chini yakiachana katika kipindi ambacho pete imeanza kumbana na viatu havimwingii. Na kuna uvimbe wa taya, ambao mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Ukiona meno ya upande mmoja tu yanahama na taya la upande huo linajaa, usingoje liume.

Kuziba ufa kwenye ukuta unaotembea

Nilimwambia daktari nataka mwanya uzibwe kabla ya Idi. Alikataa, na leo namshukuru. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini fundi yeyote wa nyumba atakuongezea jambo: ufa unaotanuka usiupake sementi kabla hujafukua na kutazama msingi, maana utafunguka tena kando yake, na safari hii utauona umechelewa.

Kinywani kuna njia tatu za kuupaka sementi ufa kama huo, na zote zina wateja.

Ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote: kuyafunga meno mawili kwa mpira mdogo ili yavutane. Inafundishwa kwenye video za mitandaoni kana kwamba ni kusuka nywele. Jino ni nene usawa wa fizi na jembamba kuelekea ncha ya mzizi, kwa hiyo mpira haukai pale ulipowekwa. Unapanda kidogo kidogo, unaingia chini ya fizi, hauonekani tena. Mwenyewe anadhani umekatika na kudondoka. Kumbe uko ndani, unakata nyuzi moja baada ya nyingine kuelekea nchani. Majarida ya tiba ya meno yana visa vya namna hii vya miongo mingi, na katika visa vingi mgonjwa alipoteza meno yote mawili, yaliyokuwa mazima kabisa.

Ya pili ni kujaza mwanya kwa ujazo wenye rangi ya jino. Kazi hiyo ni halali, na kwa mwanya wa utotoni inaweza kukamilika kwa siku moja. Ukijaza mwanya ambao bado unatembea, jino linaendelea kuhama na ujazo wake, na baada ya muda kuna mwanya mpya pembeni ya ujazo. Kibaya zaidi, ujazo uliotengenezwa juu ya fizi zilizovimba huacha ukingo ambao ukoga unaupenda, na ugonjwa unapata maficho mapya.

Ya tatu ni kukimbilia vyuma, au zile trei za plastiki angavu zinazoagizwa kwa njia ya posta bila mtu kupimwa fizi. Vyuma hufanya kazi kwa kuuamsha mfupa uliwe upande mmoja na kujengwa upande wa pili. Mfupa wenye ugonjwa unajua kuliwa tu. Ukilisukuma jino ndani ya mfupa wa namna hiyo, unaharakisha kile ulichokuja kukitibu.

Tiba inavyopangwa

Tiba ya kweli huanza na kupima. Daktari huchukua kipimo chembamba chenye alama za milimita na kukiingiza taratibu kati ya fizi na jino, mahali 6 kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni afya. Kuanzia 4 kuna la kutazama. Namba husikika zikisomwa kwa msaidizi kama mtu anayehesabu mahudhurio: tatu, tatu, mbili, nne. Kwangu, upande wa ndani wa jino lile lililorefuka, alisoma saba. Picha ya eksirei ikaonyesha kwamba mfupa wa hapo umeshuka karibu theluthi moja ya mzizi.

Hatua ya pili ni kusafisha chini ya fizi. Kusafisha huku hakulengi kung'arisha meno. Ni kukwangua ugaga uliogandamana na mizizi ndani ya mifuko, kwa sindano ya ganzi, mara nyingi kwa awamu mbili au zaidi. Hapa ndipo penye imani inayowarudisha wengi mlangoni: kwamba kusafishwa hulegeza meno na kuleta mianya. Imani hiyo ina chanzo. Baada ya kusafishwa, fizi zilizovimba hunywea, mizizi ikaonekana, meno yakawa marefu machoni na maji baridi yakayachoma kwa wiki kadhaa. Mianya iliyokuwa imejazwa na ugaga inafunuka. Lakini ugaga ule ulikuwa kama kichuguu kilichoshikilia ukuta uliokwisha kuliwa: kukiondoa hakukuubomoa ukuta, kumekuonyesha umebaki ukuta gani. Fizi zikipona na kukaza, meno mengi yaliyokuwa yanatikisika hutulia.

Hatua ya tatu ni kungoja na kupima upya, kwa kawaida kati ya wiki 6 na 12 baadaye. Hatua hii ndiyo inayochosha subira, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mifuko iliyobaki mirefu inaweza kuhitaji upasuaji mdogo wa fizi, na pengine kazi ya kuotesha mfupa. Lakini wapo watu ambao hapa hupata zawadi wasiyoitarajia: mianya midogo, hasa isiyofika milimita 1, hujifunga yenyewe baada ya uvimbe kuondoka, maana kilichokuwa kikilisukuma jino hakipo tena. Wangu haukufunga, ila ulipungua. Saba yangu ilishuka hadi nne, na damu kwenye mswaki ikakoma.

Baada ya hapo tu ndipo linapokuja suala la kurudisha meno mahali pake. Mtu asikatishwe tamaa na umri. Seli za mfupa za mtu wa miaka 60 bado zinakula na kujenga, japo polepole zaidi. Hata mfupa uliopungua si kizuizi, mradi uliobaki una afya na msukumo ni mdogo kuliko wa kijana. Jino huhama kama milimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kazi ya mtu mzima huchukua miezi mingi, wengine mwaka, wengine miwili. Kipindi chote hicho fizi husafishwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu vyuma hushika ukoga.

Vyuma vya kubandika jino kwa jino bado ndivyo vinavyoweza kazi ngumu. Trei za plastiki angavu zinafaa kazi nyingi zilizobaki, na asili yake inaendana na mada yetu. Zia Chishti, aliyepangwa meno akiwa mtu mzima, aliona kwamba akiacha kuvaa kifaa chake cha plastiki cha kuyashikilia, meno yanahama kidogo, na akikirudisha yanarudi. Akajiuliza kama mfululizo wa vifaa vya namna hiyo, kila kimoja kikitofautiana kidogo na kilichotangulia, ungeweza kupanga meno yote. Mwaka 1997 alishiriki kuanzisha kampuni ya kutengeneza trei hizo, Align Technology, huko California. Teknolojia yote ile ilitokana na mtu mzima kugundua kwamba meno yake hayakai.

Na hayakai. Hili ndilo jambo ambalo kila anayefunga vyuma ukubwani anapaswa kulijua kabla ya kulipa: siku ya kuvua vyuma tiba haijaisha. Meno yaliyowahi kuhama kwa ugonjwa yanahitaji kushikiliwa maisha yote, kwa waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, au kifaa cha kuvaa usiku, au vyote viwili. Mimi nilikaa na vyuma miezi 14. Waya wangu ninao hadi leo, ulimi umeshauzoea.

Magego nayo lazima yarudishwe, kwa daraja, kwa kipandikizi, au kwa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua kwa asiyeweza gharama. Bila nguzo za nyuma, za mbele zitachomoza tena. Ujazo wa rangi ya jino, ule nilioutaka kabla ya Idi, huja mwisho kabisa, kufuta zile pembe tatu nyeusi zinazobaki pale fizi iliposhuka.

Uanzie wapi

Si lazima uanzie kwa bingwa. Mabingwa wa fizi na wa kupanga meno ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Lakini kupimwa mifuko na kusafishwa ni kazi inayoweza kuanzia kwenye kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya, na ndiyo sehemu ya tiba isiyo na gharama kubwa ukilinganisha na yote yanayofuata. Ukifika, sema wazi: meno yangu yanahama, naomba nipimwe fizi. Nenda na picha zako za zamani. Mtajie daktari kama una kisukari, kama unavuta sigara au kula tumbaku, na dawa unazotumia. Anayetaka kukufunga vyuma bila kupima fizi wala kupiga picha ya eksirei, mshukuru uondoke.

Nyumbani kazi ni yako. Mswaki mara mbili kwa siku, dakika 2, kwa dawa yenye floridi. Lakini mswaki haufiki kati ya meno, na ugonjwa huu hupenda kuanzia huko. Uzi wa meno unatosha meno yanapobanana. Palipo na uwazi, brashi ndogo za kupitisha katikati ndizo zinazosafisha vizuri zaidi. Aliyezoea mswaki wa mti asiuache, unaondoa ukoga ukitumiwa kwa utulivu, ila akumbuke upande wa ndani wa meno, ambao wengi huuruka. Na damu isikufanye ukimbie mahali panapotoka. Panapotoka damu ndipo panapoomba kusafishwa.

Shangazi aliponiona Tanga mwaka jana, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Umeupeleka wapi mwanya wangu?" Nikakaa naye barazani nikamweleza yote: picha za simuni, ile saba, magego yangu mawili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniinamia karibu na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja siri, kwamba yeye fizi zake hutoka damu tangu wanawe ni wadogo, na kuna gego moja analotafunia kwa kuliogopa. Mwanya wa usichana haukuwa umemkinga na lolote.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukalia kiti cha daktari wa meno bila kung'olewa jino. Alitoka mkono umefunika mdomo, ganzi haijamwisha, akaomba simu yake. Tukiwa bado ndani ya bajaji, ujumbe ukaingia kwenye kundi la familia: "Wangu umepimwa. Na nyie?"